Siku Bwawa la Sugiya Lilipoolewa

Mkuu asiyesikia la mtoto huvunjika guu. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kumfahamu Digambar Karna. Yeye guu halikuvunjika, tuseme kweli. Kilichovunjika kilikuwa juu zaidi ya guu, nacho hakina mganga wa kukiunga.

Mambo yalianza Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Digambar alisimamisha pikipiki yake mbele ya ukuta wa shule ya Belhauli akaona tembo anajisaidia.

Tembo alikuwa wa kuchorwa. Alikuwa mwekundu, amevishwa shanga shingoni, jicho refu kama la samaki, na mkia ameuinua kwa madaha. Chini ya mkia ulitoka mto mweusi uliokwenda moja kwa moja hadi bwawani. Nyuma yake palichorwa lango la buluu lenye tausi wawili. Katika Belhauli nzima lango la buluu lenye tausi wawili ni moja tu, nalo ni la ukumbi wa harusi wa Digambar.

"Shemeji!" aliita.

Yogmaya Karna alikuwa amechuchumaa mwisho wa ukuta, akimwonyesha mtoto namna ya kufunga pamba kwenye kijiti cha mwanzi. Hakugeuka. Alikuwa mjane wa kaka yake Digambar. Alipoingia katika nyumba ile akiwa bibi arusi wa miaka kumi na minane, Digambar alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mwizi wa achari, na kazi ya kumfuta kamasi iliangukia kwa bibi arusi. Sasa mwizi wa achari alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Lakini kati ya mke wa kaka na mdogo wa mume, utani katika nchi hii ya Mithila ni sheria. Mmoja husema lolote, mwingine hujibu lolote, na anayenuna ndiye aliyeshindwa.

"Shemeji, huyu tembo ana nini?"

"Ana tumbo."

"Hilo naliona. Na hili lango?"

"Muulize mchoraji. Tetri! Njoo, mwanangu, mwenyekiti ana swali."

Tetri akaja, miaka tisa, mikono myeusi kwa masizi hadi kwenye viwiko.

"Hili lango la nani?" Digambar aliuliza kwa sauti ya mikutano.

"Lako, Mjomba."

"Na huu weusi?"

"Wa bomba lako, Mjomba. Bibi Yogmaya alisema tusichore kitu ambacho hatujakigusa. Mimi nimeligusa. Lina mafuta mafuta. Mkono ulininuka mpaka Jumatatu."

"Hukunawa kwa sabuni?"

"Mara nne."

Watoto wengine walikuwa wameacha kuchora. Ghuran, mtoto wa mvuvi, alijitolea kueleza kwamba samaki wake, yule aliyevaa kofia, kwa kweli hakuvaa kofia. Ni sahani ya kutupwa ya ukumbini iliyomnasa kichwani, na alipomshika alikuwa bado hai. "Nami nilimgusa," alisema. "Alikuwa anateleza kuliko kawaida."

Ndivyo darasa la Yogmaya lilivyokuwa. Wiki sita zilizopita watoto thelathini na mmoja walikuja wakitaka kuchora mayungiyungi na samaki wawili wanaobusiana, kama walivyoona kwenye mikoba inayouzwa mjini. Akawakusanya akawapeleka bwawani, akawaambia, "Shikeni, nuseni, kisha ndipo mchore." Walirudi wakijinusa vidole. Kando ya bwawa la Sugiya kulikuwa na kibao cha serikali kilichoandikwa USITUPE TAKA HAPA, na lundo kubwa kuliko yote lilikuwa chini ya kibao chenyewe, kana kwamba watu walihitaji kuonyeshwa mahali. Wavuvi walikuwa wameacha kupiga mbizi kutafuta makhana, zile mbegu za majini zinazoliwa, kwa sababu ya majipu. Na katika sikukuu ya Chhath iliyopita, wanawake waliosimama majini hadi kiunoni kulisubiri jua walitoka wakijikuna, wakajikuna wiki nzima. Kwa heshima ya Jua, hakuna aliyelisema hadharani.

"Shemeji," Digambar alisema, akimvuta Yogmaya pembeni, "nakwambia kwa heshima. Ukuta huu upakwe chokaa, wote. Mwisho wa mwezi nikute mweupe. La sivyo, hizi Jumamosi zako zimekwisha. Ruhusa niliitia saini mimi, na mimi ndiye nitakayeifuta."

Yogmaya alitazama vijiti vya mwanzi vilivyosimama kwenye kopo. Tangu mumewe afariki, nyumba yake ilikuwa na sauti siku moja tu kwa wiki. Siku sita alisikia saa ya ukutani.

"Mpaka mwisho wa mwezi," alisema.

"Mpaka mwisho wa mwezi."

"Haya. Nakuona siku hizi kamasi unafuta mwenyewe. Nafurahi."

Kesho yake alikwenda uani kwa Bibi Dulari, kiongozi wa nyimbo zote za harusi katika Belhauli, mwanamke wa miaka sabini na saba aliyejua aibu za koo kumi na moja na kuziweka kwa vina. Bibi Dulari alikuwa anaanika viazi. Alisikiliza habari ya tembo akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyo Digambar," alisema, "hamwonei mtoto, wala hakuonei wewe. Anamwonea Sugiya. Na kwa nini asimwonee? Sugiya ni mjane."

Lilikuwa kweli. Bwawa katika Mithila huolewa. Likishachimbwa, gogo refu huvishwa nguo ya njano, husindikizwa kwa ngoma na kusimikwa katikati ya maji, na tangu siku hiyo bwawa ni mke wa mtu. Gogo la Sugiya lilikuwa limeoza, likachukuliwa na mafuriko miaka kumi iliyopita, na hakuna aliyepata nafasi ya kulia.

"Mwanamke asiye na mtu," Bibi Dulari aliendelea, "kila mpita njia anamwaga mlangoni kwake."

Yogmaya, aliyekuwa mjane kwa miaka minne, hakucheka haraka. Alichukua kipande cha kiazi kibichi akakizungusha vidoleni.

"Basi tumwoze," alisema.

Jumamosi iliyofuata aliwaeleza watoto. Walitaka kujua bwana harusi ni nani.

"Gogo," alisema.

"Litaongea?" aliuliza Ghuran.

"Bwana harusi mzuri haongei sana."

"Na sisi?"

"Nyinyi ni upande wa bibi arusi. Mtamchorea kohbar." Kila mtoto alijua kohbar, ule mchoro wa ukutani anaochorewa bibi arusi, wenye mianzi, mayungiyungi, samaki, kobe na kila kiumbe cha kuombea uzazi. "Tutauchora papa hapa. Hatufuti kitu, tunaongeza. Sugiya ni huyu huyu mliyemshika na kumnusa; msimpambie uongo siku ya harusi yake."

Siku ile ile akaenda ukumbini kwa Digambar. Alimkuta kati ya masufuria, anaonja mchuzi wa harusi ya watu kwa kijiko kirefu.

"Shemeji, bwawa linaolewa. Tarehe kumi na tisa, mnajimu ameiona ni njema. Tuna bibi arusi. Hatuna baba wa bwana harusi."

Digambar aliweka kijiko chini. Yogmaya aliuona uso wake ukipambazuka. Baba wa bwana harusi! Kilemba, gwaride la ngoma, mahali pa mbele, vijiji vitatu vikitazama.

"Gogo nitatoa mimi," alisema. "La mti mgumu wa sal. Dhiraa ishirini. Na chakula juu yangu."

"Shemeji, fikiri vizuri. Kiti kile kina heshima, lakini kina na mateso yake."

"Mateso! Mimi nimeandaa harusi mia tatu, mama. Utanifundisha wewe harusi?"

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa Mithila peke yake anaweza kulifanya. Digambar alikuwa na mabinti watatu na hana mtoto wa kiume. Harusi mia tatu alizitazama kutoka jikoni, na mbili za mabinti zake alizitazama kutoka upande wa bibi arusi. Upande ule ndio unaoimba. Hajawahi hata mara moja kuketi kwenye mkeka wa wanaoimbwa.

"Nimekuonya," Yogmaya alisema.

"Umenionya. Na ule ukuta?"

"Nimeufunika kwa sari. Watoto wanaufanya kohbar."

"Yule tembo bado yupo?"

"Harusi gani haina tembo?"

Digambar alicheka, akimwazia tembo wa heshima mwenye kiti cha dhahabu mgongoni. "Sawa. Lakini baada ya harusi, chokaa."

"Baada ya harusi utaamua mwenyewe."

Tarehe kumi na tisa Belhauli ilijaa. Gogo lilitoka lango la buluu limevishwa njano, limebebwa na wanaume kumi na wawili. Mbele yake alitembea Digambar na kilemba cha waridi, anapunga mkono kama mgombea. Wavuvi walilipakia kwenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wakaenda nalo katikati, wakalisimamisha na kulipigilia. Lilipotulia wima, wanawake walipiga vigelegele, na mjane wa miaka kumi akawa mke wa mtu tena. Kuna waliolia. Yogmaya alijifuta kwa ncha ya sari na kusingizia moshi.

Kisha watu wakageukia ukuta. Katika harusi nyingine bwana harusi huingia mwenyewe mbele ya kohbar, lakini huyu alikuwa majini hadi shingoni, kwa hiyo baba yake alimwakilisha. Bibi Dulari alimshika Digambar mkono, akakichovya kidole chake katika unga mwekundu.

"Alama tano," alisema. "Baba, tulia nikuongoze."

Sari ikavutwa. Watoto walikuwa wamefanya kazi. Katikati ya ukuta lilichanua yungiyungi kubwa lenye duara sita, na mwanzi umelipenya kama inavyopaswa. Kuzunguka pembeni walikuja wageni wa harusi: kobe aliyebeba vipakiti vya tumbaku mgongoni kama mchuuzi, chura kwenye povu la sabuni, samaki wa Ghuran na kofia yake. Watu waliguna kwa kupendezwa, kisha wakaguna kwa namna nyingine. Digambar hakuona. Alikuwa ameinua kidevu kwa ajili ya wapiga picha. Alama ya kwanza ikawekwa kwenye yungiyungi, ya pili kwenye mwanzi, ya tatu kwa kobe, ya nne kwa samaki. Ya tano Bibi Dulari alimvuta kulia hatua mbili, akambonyeza kidole.

Ndipo Digambar akatazama kidole kilipogusa. Kilikuwa chini kidogo ya mkia.

Kohbar iliyokwisha kutiwa wekundu haifutwi na mkono wa mtu. Huachwa ifubae yenyewe kwa mvua na miaka. Anayeifuta anawaombea wanandoa talaka, na hilo Digambar alilijua tangu utotoni kama alivyojua jina lake. Alisimama mbele ya vijiji vitatu, kidole chekundu hewani.

Mwalimu mkuu Pathak, mtu mwema asiye na bahati ya kuchagua wakati, alimkaribia akamnong'oneza, "Mwenyekiti, ile chokaa uliyoagiza imeshafika. Ndoo nane. Niziweke wapi?"

"Pathak, nyamaza."

Wakaketi kula, safu ndefu chini, kwenye sahani za majani, kwa amri ya Yogmaya. Wali ukaja, samaki wa haradali, majani ya tilkor yaliyokaangwa, maziwa mgando. Digambar aliwekwa katikati, kwenye mkeka mpya. Alipoinua tonge la kwanza, nyuma ya pazia la mianzi wanawake walikohoa kusafisha koo. Tonge likasimama njiani. Mwaka wa hamsini wa maisha yake, hatimaye alikumbuka.

*Baba wa bwana arusi, tumbo lako lina nini?*
*Wenzio huenda kando, wewe wamwaga majini;*
*Samaki ana kofia, sahani yako kichwani;*
*Bomba lako laharisha, dawa utalipa lini?*

Ndiyo desturi. Baba wa bwana harusi hutukanwa kwa wimbo tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, na asipotukanwa ndipo huona amedharauliwa. Kwa kawaida huambiwa mama yake alitoroka na muuza bangili, na watu wote wanajua ni uongo, wanacheka. Ubaya wa wimbo huu ni kwamba ulikuwa kweli. Na akiinuka kabla ya maziwa mgando, harusi imevunjika.

Kwa hiyo alikula. Wimbo ulipomalizana naye ukamrukia Pathak, mwenye kutema tumbaku, kisha ukawarukia waimbaji wenyewe na mapovu yao ya kufulia, na watu wakacheka mpaka maziwa yakawatoka puani. Ulikuwa ukimaliza mzunguko unarudi kwa Digambar. Alikula sahani nne, kwa kuwa hakujua la kufanya na mdomo wake. Tetri, aliyekuwa akigawa chumvi, aliinama mbele yake.

"Mjomba, umekasirika?"

"Weka chumvi, uende."

"Ule mstari wa bomba ni wangu."

Wapo wanaosema alicheka hapo. Wengine wanasema alipaliwa na mwiba wa samaki. Belhauli inabishana mpaka leo.

Siku ya nne alikuja uani kwa Yogmaya bila pikipiki. Yogmaya alimpa kigoda na chai, akaendelea kupaka karatasi maji ya kinyesi cha ng'ombe ili zishike rangi.

"Wananiita Tembo," Digambar alisema. "Muuza maziwa, kinyozi, wote. Jana mtu kapiga simu kutoka Jhanjharpur, anataka kukodi ukumbi. Ananiuliza, 'Huo ndio ule wa tembo?'"

"Umemkodisha au hukumkodisha?"

"Amekodi siku mbili. Si hoja!" Alikunywa chai ikamwunguza. "Na kama umesikia watu wanachimba nyuma ya ukumbi, ni shimo la maji machafu. La tabaka tatu, mchanga na kokoto. Bomba lilikuwa limezeeka tu, nilikuwa nalibadilisha hata hivyo."

"Mimi sijauliza."

"Nakwambia usije ukadhani ni wimbo."

"Sidhani."

Aliweka kikombe chini. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na Yogmaya akajua sasa hakuna utani.

"Kamati inakaa Jumamosi. Wanataka kujua kama mwenyekiti wao ana heshima au hana. Uje, useme sentensi moja tu: umekosea, unaomba radhi. Nitatia saini ruhusa ya mwaka mzima, hapo hapo. Usiposema, mimi sina njia. Darasa limekwisha. Usinifanye nifanye hivyo, shemeji."

Yogmaya aliweka brashi chini. Mwaka mzima ni Jumamosi nyingi. Aliziwaza moja moja, zenye kelele, zenye masizi. Kisha akaziwaza zisipokuwepo.

"Niombe radhi kwa lipi? Wimbo?"

"Wimbo."

"Nani aliyewahi kuombwa radhi kwa wimbo wa harusi? Watakucheka zaidi."

Digambar alilifikiria hilo, na hakulipenda. "Basi tembo."

"Tembo ni wa Tetri."

"Tetri ana miaka tisa!"

"Ndiyo. Alitia mkono ndani ya bomba lako, akanawa mara nne, akaja akachora alichokigusa. Mimi nikisimama mbele ya kamati niseme tumekosea, Jumatatu atachora mayungiyungi, na atayachora mpaka azeeke."

"Na wale wengine thelathini utawaweka wapi, mwanamke mkaidi wewe? Kwenye paja?"

"Hapa uani. Watabanana. Mvua ikinyesha tutaingia jikoni."

"Hapa hapana nafasi ya mbuzi watano!"

"Najua."

Digambar alisimama, akaketi, akasimama tena. Kwa muda alifanana na yule mtoto aliyekamatwa na kopo la achari, na Yogmaya alimwonea huruma kweli, huruma ya dada.

"Sentensi moja," alisema, karibu kwa kubembeleza. "Hata ukiisema kwa sauti ndogo. Mimi nitawaambia nimeisikia."

"Siisemi, Digambar. Si kwa sauti ndogo, si kwa kubwa, si Jumamosi, wala si siku nyingine. Siombi radhi."